Mjomba Yuko Mwiti

Lisekese, Masasi
7 Julai 2024

Kwa Dada Yuliana, Mama Anjelina,

Marahaba. Najua hukunisalimia, lakini naipokea mapema kwa sababu unayo, umeibana tu.

Tangu jana mchana napiga simu yako, yule mama wa mtandao ananijibu kwamba namba haipatikani. Nikaazima simu ya jirani yangu Zabroni. Ukapokea, ukasikia sauti yangu, ukakata, na sasa hata ya Zabroni haiingii. Umeniblok mimi, umemblok na mzee wa watu anayeuza mbegu za mchicha, hana kosa na mtu. Mimi Gervas niliyepigiwa simu kutoka Lusaka na Lubumbashi, leo nashindwa kuipata Newala, hapo juu tu, saa mbili kwa gari.

Basi nimenunua daftari. Karatasi haiblokiwi. Barua anakuletea Dauda, kondakta wa Kosta ya asubuhi, na nimemwonya asiifungue, kwa hiyo ataifungua. Dauda, hujambo.

Sasa tuzungumze. Najua jana wazee wa Mwalimu Felix walikuja kumposa Anjelina. Najua walikaa mkekani tangu saa nne, na najua kwamba kwetu bila mjomba hakuna wa kuwajibu, hata baba mzazi anakaa pembeni akichezea kofia. Hayo sikufundishwa shule, maana shule yenyewe niliiachia darasa la sita. Nimezaliwa nayo. Lakini dada, huu ni mwezi wa saba. Mikorosho inatoa maua, na ugonjwa wa maua hausubiri posa. Usipopuliza salfa alfajiri umande ukiwa bado majanini, mwaka umekwenda. Nina miti mia mbili hapa. Nipulize, au nije kukaa mkekani?

Na nani aliamua kikao kiwe Newala? Mngeshuka Masasi mjini, penye hoteli na maji bombani. Wageni wametoka mbali, wewe unawapandisha mlimani kwenda kunawa uso kwa ukungu. Nakushauri kama mtu aliyetembea.

Panga tena Jumamosi tarehe 13. Nikisema nakuja, nimekuja.

Kaka yako,
Gervas wa Malori


Newala
9 Julai 2024

Kaka Gervas,

Shikamoo. Hiyo ni ya adabu tu, isikupe moyo.

Sikukublok kwa sababu hukuja. Nimekublok kwa sababu ya Mwiti.

Saa nne kamili nilikupigia, nikaweka sauti ya juu ili wageni wakusikie. Ukasema, "Nipo darajani Mwiti, nakaribia, msianze bila mimi." Tukakusubiri. Saa sita nikapiga tena, ukasema gari limepata pancha, bado uko palepale Mwiti. Na nyuma yako mashine ya kupulizia inanguruma kama imewekwa mdomoni mwa simu. Mama mkubwa Agatha akauliza mbele ya watu, "Hilo basi siku hizi linapuliza salfa?"

Watu wetu wakacheka. Wageni hawakucheka, kwa sababu kwao hakuna mikorosho, mlio ule hawaujui. Ikabidi Anjelina mwenyewe awaeleze kwamba mjomba wake hayuko Mwiti, yuko shambani kwake. Mtoto anayeposwa, kaka, ndiye alisimama akasema hivyo.

Unajua wametoka wapi? Kasulu, Kigoma huko. Shangazi yake Felix, Mama Isabela, mguu wake mmoja umevimba, alikaa siku tatu kwenye mabasi akiwa ameuweka juu ya begi. Alikuja na mdogo wake, Mzee Kasiani, baba mdogo wa Felix. Wamekata nchi kutoka kona hadi kona. Mzee Kasiani aliniuliza, kwa upole kabisa, wala hakuwa anakejeli, "Mama, huyo mjomba anaishi nchi gani?"

Nilitaka ardhi inimeze.

Nimeolewa hapa miaka ishirini na tatu. Nimejifungua mara nne. Mume wangu Danieli alilazwa mwezi mzima. Ulituma mchele, ulituma mbuzi, ulituma kitanda cha mninga ambacho hakikupita mlangoni. Wewe mwenyewe hujafika hata siku moja. Nilikuwa nawaambia watu, kaka yangu ana moyo mkubwa ila ana shughuli. Sasa sina cha kuwaambia. Lusaka umefika. Newala ndiyo inakutia kinyaa?

Wageni wanasubiri mpaka Jumapili tarehe 21. Baada ya hapo wanaondoka, wana maharage yao kwao yanangoja kupurwa. Njoo tarehe 13, saa nne. Namba sifungui mpaka nikuone kwa macho yangu.

Yuliana


Lisekese
14 Julai 2024

Dada yangu Mama Anjelina,

Kabla hujakasirika, kaa.

Jana sikuja, ni kweli. Lakini safari hii sikusema nipo Mwiti, kwa hiyo usiseme nimedanganya. Sikuja kwa sababu nilikuwa nafikiri, na mtu kama mimi akifikiri huwa kuna jambo.

Hivi mmechunguza anakotaka kupelekwa mtoto wetu? Mimi Kigoma nimefika mara saba, nikiendesha lori. Ile Kasulu naijua kama kiganja. Ukishuka tu stendi unaona ziwa limelala mbele yako, ufukwe wote umeanikwa dagaa, kunguru hawana adabu. Nilikuwa nalala nyumba ya wageni palepale ufukweni, jioni nakula mgebuka wa kuchoma huku miguu iko majini. Pazuri pa kupita, sikatai. Lakini pa kuishi? Watu wa huko wanatia mawese kwenye kila kitu, nadhani hata kwenye chai. Na mtoto wa kike akishaolewa huko harudi. Hata ukifiwa atatuma salamu na kopo la mawese.

Anjelina ni mtoto niliyembeba mabegani siku ulipomleta kwetu Lukuledi kubatizwa. Alinikojolea shati la sikukuu, nikalivaa hivyohivyo hadi jioni. Sitamtoa kwa mtu kwa sababu tu shangazi ana mguu. Waambie wageni mjomba anafanya uchunguzi.

Huku kwangu salfa imeniwasha macho mpaka Zabroni anadhani nimefiwa. Na Dauda ananiambia jana mlipika pilau. Mlinibakizia?

Kaka yako anayekupenda ingawa umemblok,
Gervas


Newala
15 Julai 2024

Kaka,

Shikamoo.

Barua yako ilifika wageni wapo wanakunywa chai. Anjelina akaifungua, akijua ni habari njema, akaanza kuisoma kwa sauti. Alipofika kwenye dagaa akapunguza sauti. Felix akamwambia endelea tu. Akaendelea hadi kopo la mawese.

Kisha Felix akaniuliza, taratibu, "Mama, ufukwe wa Kasulu uko upande gani?"

Kasulu hakuna ziwa, kaka. Kasulu iko milimani. Kutoka pale mpaka ziwani ni mbali kuliko kutoka kwako mpaka kwangu. Mzee Kasiani amezaliwa pale na hajawahi kuona dagaa akianikwa stendi. Sasa wewe miguu yako ulikuwa umeiweka kwenye maji gani mara zote saba?

Mama Isabela alicheka mpaka akaushika mguu wake. Halafu akasema, "Mwacheni. Sisi nasi tuliambiwa watu wa Newala wanakula panya asubuhi na jioni, na kwamba maji hakuna hata ya kulilia. Tukabeba unga wetu wenyewe wa siku kumi." Akanionyesha mfuko. Ulikuwa mtupu. Wanangu waliumaliza siku ya pili, na yeye tangu afike anakula mezani kwangu.

Lakini Mzee Kasiani hakucheka. Baadaye alinifuata jikoni, mwanaume mzima, akasimama mlangoni. Akasema, "Mama Anjelina, kama mjomba hataki, aseme hataki. Sisi ni watu wazima, tutaelewa. Lakini asiposema kitu mpaka Jumapili, tutachukua kwamba amekataa, na kijana tutamwambia aangalie kwingine. Hatuwezi kuvuka nchi mara mbili kusubiri mtu asiyekuja."

Umenisikia? Siyo Jumapili ya maneno. Jumapili hii.

Anjelina hajala tangu chai ile. Ameninyamazia mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyekuzaa.

Mimi nimekuwa mdogo wako miaka arobaini na nne. Najua unapodanganya kwa kujisifu, na najua unapodanganya kwa sababu kuna kitu. Niambie hicho kitu. Usinipe mikorosho, usinipe Kigoma. Nini kinakuzuia kupanda huu mlima?

Yuliana


Lisekese
16 Julai 2024

Dada Yuliana,

Hii usimpe Anjelina. Na Dauda, ukiifungua hii safari hii nitakwenda kwa mama yako.

Kinachonizuia ni mama mkwe wako, Bibi Sabina.

Wewe hukuona, ulikuwa ndani unapambwa. Siku ya harusi yako Lukuledi, wakwe walipofika, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuwanawisha. Nilikuwa kijana, nimevaa suti ya Godfrey, yule bwana wa malori, kidogo nimechangamka. Nikamimina maji mikononi mwa Bibi Sabina kwa wingi, nikasema mbele ya watu wote, "Nawa mama, oga kabisa, na mengine ujaze mfukoni, maana huko kwenu mlimani mtayaona tena mwakani." Ukumbi mzima ulianguka kwa kicheko. Ulikuwa utani mzuri, hata leo ukiutazama unasimama.

Yeye hakucheka. Alikung'uta mikono, akanitazama, akasema polepole, "Siku utakayokanyaga Newala, maji yangu utayaangalia tu. Hayatapita kooni mwako."

Wiki ileile nikavimba koo. Siku tisa, Yuliana. Sikumeza hata mate. Mama alinikandia majani, sista wa zahanati akanichoma sindano, na mimi nimelala pale nasikia ile sauti, hayatapita kooni mwako. Nilipopona nikajiambia, Gervas, dunia ni pana, mahali pamoja ukiacha haitapungua.

Kila mwaka nilisema mwakani. Ulipomzaa Anjelina nilifika stendi ya Masasi nimebeba kuku, nikampa kondakta yule kuku, nikarudi. Nikawa natuma vitu. Mbuzi haogopi laana.

Sasa utanicheka. Mtu wa umri wangu, tena Mkristo, anaogopa kikombe cha maji. Cheka. Lakini niambie, nikija, nikakaa mkekani kwenu, nikaletewa maji, nitafanya nini? Nikikataa nimewatukana wakwe mara ya pili. Nikinywa, nitakufa mbele ya watu wa Kasulu.

Gervas


Newala
17 Julai 2024

Kwa Gervas, shemeji ya mwanangu,

Mimi ni Sabina. Anayeandika ni mjukuu wangu Anjelina, kwa sababu macho yangu hayasomi tena. Barua yako ulisema asipewe, lakini mama yake aliisoma akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, tukamnyang'anya.

Nimekusikia. Sasa na wewe nisikie.

Wewe ni Mmakua, mimi ni Mmakonde, sisi ni watani. Ulinitania, nikakutania. Ulikuwa utani mkali, ulinichoma, ndiyo maana nami nikatafuta mkali kama wako. Nikauweka pale. Nikangoja ujibu. Hukujibu. Ulibeba birika ukaondoka. Nikamwambia marehemu mume wangu, huyu kijana mdomo wake mrefu lakini mbele hauna kitu.

Nimengoja jibu lako miaka ishirini na tatu. Nilidhani unatafuta zuri. Kumbe ulikuwa umelala kitandani.

Koo lako lilivimba kwa sababu siku ile ulikunywa pombe ya watu wanne, ukaenda kulala nje ya kanisa bila shuka. Nilikuona kwa macho yangu, nilipita nikakufunika kwa kanga yangu, na ile kanga hujanirudishia.

Sikukulaani. Mimi ni msharika wa kanisa, kulaani nisingejua hata pa kuanzia. Njoo. Maji yapo, bomba linatoka kwa zamu, na siku lisipotoka tuna tangi la mvua. Mtoto huyu anayeandika analowanisha karatasi. Ukija na jibu zuri, nitafurahi. Ukija bila jibu, njoo hivyohivyo.

Sabina

Mjomba, ni mimi Anjelina. Shikamoo. Njoo Jumamosi. Tafadhali.


Lisekese
18 Julai 2024

Dada,

Nakuja Jumamosi. Saa nne nitakuwa mkekani. Mwambie Bibi jibu ninalo, nimelitunga leo shambani, Zabroni ameanguka kwa kucheka na mashine ikamzimikia.

Mwambie Anjelina mjomba yuko njiani, na safari hii njia yenyewe ipo.

Gervas


Newala
22 Julai 2024

Kaka Gervas,

Wameondoka jana alfajiri.

Sikuandika mapema kwa sababu nilikuwa sijui niandike nini. Sasa Dauda amenieleza yote, na mama wa chapati pale stendi amenieleza yaliyobaki, kwa hiyo usihangaike kutunga.

Jumamosi uliteremka stendi ya Newala saa tatu na nusu. Ulikuwa umevaa koti na kofia. Ulishusha dumu nne za maji, lita ishirini ishirini, ukamwambia Dauda ni zawadi ya wakwe. Kutoka pale mpaka kwangu ni dakika kumi kwa bodaboda. Ulikaa kwenye kibanda cha chapati. Saa ya kwanza ulimweleza yule mama habari za Lusaka. Saa ya pili ukanyamaza. Aliniambia alidhani unaumwa, akakuletea chai, hukuigusa. Saa kumi Kosta ya mwisho ikapiga honi, ukapanda, ukarudi Masasi. Dumu ukaziacha.

Na mimi siku nzima niko mlangoni, Gervas. Kila bodaboda ikilia nasimama. Mama mkubwa Agatha alisema niketi, naonekana kama mlinzi. Mzee Kasiani alivaa koti lake tangu asubuhi, hakulivua kwa ajili ya chakula. Saa kumi na moja akalivua, akalikunja vizuri, akasema, "Basi." Ndiyo neno lake la mwisho kwangu.

Mama Isabela ndiye aliyesema kidogo. Alishika mkono wa Anjelina akiwa anapanda gari, akasema, "Sisi tulikuja. Mjomba akiwa na neno, atuletee. Njia si anaijua? Amefika mara saba." Ametoa mwezi mmoja. Mdogo wake Kasiani hataki hata huo, lakini kwao naona shangazi akisema wanaume wananyamaza.

Anjelina alilikunja gauni lake akalirudisha sandukuni. Nilimlaumu Mungu, nikakulaumu wewe, akaniambia, "Mama, mwache. Mtu hafiki stendi na maji lita themanini kama hapendi kuja." Sijui hiyo akili ameitoa wapi. Kwako hapana.

Dumu zako Dauda alizileta. Nilitaka kuzimwaga. Bibi Sabina akanizuia. Akafungua moja, akanusa, akajaza birika, akachemsha chai, akainywa yote mbele yetu. Akasema maji ya Masasi yana chumvi lakini yanachemka. Kisha akasema, "Mimi nimekunywa yake. Sasa zamu yake." Ameniagiza nikutumie chupa hii. Ni ya tangi letu. Anasema usipoinywa atakuja kukumwagia kanisani siku ya Kupalizwa Bikira Maria.

Mimi sina la kuongeza. Nimechoka na wewe. Namba bado imefungwa.

Yuliana


Kasulu
9 Agosti 2024

Dada Yuliana,

Marahaba. Nadhani mimi nitafika kabla ya barua hii, lakini yapo mambo siwezi kuyasema nikiwa nakutazama, kwa hiyo nayaweka posta yaje nyuma yangu.

Kwanza, la stendi. Siku ile sikumwogopa Bibi. Barua yake ilinimaliza hofu, na jibu nilikuwa nalo mfukoni. Maji nilibeba kwa mazoea tu, mwili ulikuwa haujasikia habari. Nilipoketi pale kibandani nikawa najizoeza nitakavyosalimia. Nikamwona Mzee Kasiani akilini ananipa mkono, ananiuliza, "Mjomba, Kasulu ulifika mwaka gani?" Basi. Kila nikitaka kusimama, swali linanikalisha. Felix amesoma barua yangu. Shangazi amecheka. Ningeingia pale kuwa mkubwa wa kikao, nimtoe mtoto, na watu wote wanajua kwamba maneno yangu hayana uzito wa chapati.

Pili. Mimi sikuwahi kuwa dereva. Nilikuwa utingo wa Godfrey miaka sita. Tulibeba korosho kutoka Masasi kwenda Mtwara, tukabeba saruji kutoka Mtwara kuja Masasi. Godfrey alipopata safari za Zambia, alichukua utingo mwingine anayejua Kiingereza. Akirudi tulikaa pale kwa mama ntilie wa stendi ananisimulia, na mimi naikariri miji ile kama litania ya watakatifu. Mama alipokuwa hai alipenda kunisikiliza. Nikashindwa kuacha.

Yuliana, mimi nilikuwa sijawahi kuvuka Rufiji.

Mikorosho nimemwachia Zabroni, anapuliza salfa nyingi mno lakini ana moyo. Nilipanda basi la Dar es Salaam nimeshika chupa ya Bibi mapajani kama mtoto. Tulipofika kwenye daraja la Rufiji nikaifungua. Jirani yangu kwenye kiti aliona nafumba macho, akauliza kama ni dawa. Nikamwambia ni ya mama mkwe wa dada yangu. Akasogea kidogo. Nikanywa mpaka chini. Yalipita kooni, dada. Yalikuwa na ladha ya bati.

Baada ya hapo nchi haikuisha. Watu wanaisema tu nchi hii, hawajui ilivyo. Nililala nimekaa, nikaamka nimekaa, nikauliza tuko wapi, nikaambiwa bado. Nikamfikiria Mama Isabela na mguu wake juu ya begi, anakuja kwetu kwa njia hiyohiyo, na mimi nasema nipo Mwiti. Nilijifunika uso kwa kofia, na haikuwa usingizi.

Kasulu ni milima na migomba na ukungu wa asubuhi kama ule niliouona stendi kwenu. Mzee Kasiani alinipokea mwenyewe. Hakunisalimia. Alinitazama kutoka kofia hadi viatu, akasema, "Mjomba. Daraja la Mwiti umelivuka salama?" Nikamwambia nimelivuka, lakini pancha zilikuwa nyingi. Akanitazama tena, kisha akanipokea begi.

Jana wamenikalisha. Wazee sita, na Mama Isabela ameweka mguu kwenye kigoda. Kabla hawajasema lao nikaomba niseme langu. Nikawaambia sijawahi kufika hapa, wala ziwani, wala Lusaka. Nikawaambia kwamba barua ile ni uongo kuanzia kwa dagaa hadi kwa mawese, ila pale nilipoandika juu ya shati la sikukuu. Mzee mmoja asiyejua habari akauliza, "Kwani huyu ametumwa na nani?" Mama Isabela akamjibu, "Huyu ndiye mjomba mwenyewe. Ndivyo walivyo."

Wakasema lao, kwa utaratibu, kama walivyokuja kulisema kwenu. Nikasema, "Nimewasikia. Mtoto ni wenu, nasi ni wenu." Nilikuwa nimetunga hotuba tangu Morogoro. Sikuikumbuka hata neno.

Watakuja tena mwezi wa kumi, baada ya maharage, kumaliza mambo Newala. Mwambie Anjelina atoe gauni sandukuni. Mwambie pia kwamba mawese ni matamu, nilikuwa nayasingizia.

Nikirudi sishuki Masasi. Napitiliza moja kwa moja hadi kwenu, na sibebi dumu. Ukiniona mlangoni ndipo uifungue namba yangu, maana nimechoka kuazima simu, na Zabroni naye umfungulie, anauliza kila siku amekukosea nini. Kanga ya Bibi Sabina nitamnunulia nyingine. Jibu lake nitampa tukiwa sisi wawili tu, nimeona si zuri sana kama nilivyodhani.

Jambo la mwisho. Tulipomaliza kikao wakaleta chakula, na binti mmoja akaja na birika na beseni kuninawisha, kwa sababu mimi ndiye mgeni. Alimimina maji kwa wingi, ya moto, yakanishuka hadi viwikoni. Watu wote wametulia wananiangalia. Dada, nilikuwa na utani mzuri kuhusu lile birika. Ulikuja wenyewe, mzima, hata kichwa na miguu.

Nikanawa, nikanyamaza.

Kaka yako,
Gervas, aliyevuka Rufiji